Wati Tatu kwa Spika za Baba

Dagoretti Corner,
Jumapili, 9 Februari 2025

Dada yangu Mukai,

Na si hayo tu! Kengele ya nyumba yenu ya watawa ilinikata ulimi Jumapili iliyopita nikiwa katikati ya neno, ukainuka ukaniacha mdomo wazi pale kwenye benchi, na yule Sista wa mlangoni akinitazama kama mtu aliyekuja kuiba maua. Kwa hiyo jifanye bado umeketi, nimalizie.

Nilikuwa nimefika kwenye kile kisanduku. Zachariah wangu (acha niandike tena: Zachariah wangu!) akitoka kazini Hurlingham, havui hata tai. Anakwenda moja kwa moja kwa amplifaya aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe kabla hatujajuana. Si kama redio zetu za nyumbani. Juu yake zimesimama vali, chupa ndogo za kioo, na ukiiwasha haisemi kitu. Inajipasha moto kwanza, kama jiko la makaa. "Ngoja ishike joto, mpenzi," ananiambia, na zile chupa zinaanza kung'aa rangi ya chungwa. Ndipo anaweka santuri. Dada, naona haya kumwandikia hivi mtu aliyemchagua Mungu, lakini sikujua kama mtu anaweza kufurahi namna hii siku ya kazi.

Na muziki wenyewe unapitia spika za Baba. Unakumbuka arusi, zilivyobebwa na vijana wanne katikati ya wageni kama sanduku la agano? Na Baba akashika kipaza sauti: "Mkwe wangu ni mtu wa muziki. Nami sikumtoa binti yangu akakae kimya. Nikifika kwake nataka kusikia." Zimesimama sebuleni, nyeusi, nzito, zinanifika kifuani. Nilipomuuliza Zachariah kama amezipenda, alisema, "Ni nzuri." Yeye si mtu wa maneno mengi. Maneno niachie mimi.

Kinachoniyeyusha ni kwamba muziki anaucheza chini sana, kama mnong'ono, hadi tuketi tumebanana ndipo tusikie. Wanaume wa kelele wamejaa Nairobi. Mimi nimepewa anayenong'ona.

Sasa sikia. Mama amepiga simu: Baba anakuja kututembelea Jumamosi ya kwanza baada ya Jumatano ya Majivu. Mara yake ya kwanza nyumbani kwangu! Hakusema mwenyewe, siku hizi simu haitaki, anampa Mama. Nina furaha na nina hofu. Unajua alivyochelewa kumkubali Zachariah. Unakumbuka alivyouliza siku ya ntheo, mbuzi wa posa bado wamefungwa, kama huyu kijana wa mjini atajua kupokea zawadi ya mtu wa Machakos? Nataka aingie, asikie spika zake zikiimba, aondoke akijua alinipa kwa mtu mwema. Hilo tu ndilo ninaloomba mwaka huu.

Niombee.

Mdogo wako mwenye furaha isiyo na adabu,
Nthenya

*

Nyumba ya Malezi, Karen,
Ijumaa, 14 Februari 2025

Nthenya mpendwa,

Leo nyinyi watu wa dunia mnauziana maua. Mimi nimepanda vitunguu. Tumshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Barua yako nimeisoma mara moja kwa haraka na mara ya pili nikicheka, nikaulizwa mezani kuna nini. Nikasema mdogo wangu ameolewa. Masista wote wakaelewa.

Nina swali moja la kipumbavu, nawe unisamehe. Huo mnong'ono ni wa mume wako au ni wa spika? Umewahi kumwambia aongeze sauti? Nilikuwa na Baba kule Luthuli Avenue, Nairobi, siku alipozinunua. Dukani pale zilikuwa zimeunganishwa na mtambo mkubwa kama friji, na kioo cha dirisha kilikuwa kinatetemeka. Hazikunong'ona.

Jambo la pili. Baba akija, mketishe karibu na spika. Karibu kabisa. Usiniulize sababu, kwa maana sitaijibu. Fanya tu.

Kwaresima inakuja, na wakati huo sisi wanovisi, tulio bado mafunzoni, hatuandiki wala hatupokei barua hadi Pasaka. Kama una la kuniambia, liseme kabla ya majivu.

Dada yako,
Mukai

*

Dagoretti Corner,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Dada Mukai,

Wewe na maswali yako ya kipumbavu!

Nilipopata barua yako niliikasirikia siku nzima pale dukani kwangu, nikashona pazia la mteja upande wa ndani nje. Kisha nikafika nyumbani Zachariah hajarudi, nikaiwasha amplifaya mwenyewe, nikangoja zile chupa zing'ae, nikakizungusha kile kitufe hadi mwisho. Mukai, kwaya nzima ilianza kukwaruza kama mahindi kwenye sufuria. Wala haikuwa na nguvu! Ilikuwa kelele ndogo iliyochafuka. Nikaizima mbio, nikajua nimeiharibu mali ya mume wangu, nikanyamaza. Ndiyo, mimi. Nikamficha.

Siku chache baadaye nilifunga duka mapema. Nikiwa bado kwenye ngazi za chini nasikia muziki mnene, mtamu, wa kujaa jengo. Nikadhani ni wa jirani. Nafungua mlango: ni kwangu. Kile kile kisanduku cha Zachariah. Lakini spika za Baba zimegeuzwa ukutani, zimefunikwa pazia langu mwenyewe, la mahameli! Na juu ya meza kuna masanduku mawili mabaya ya mbao, yamebabuka rangi, na kando yake Kibe, yule anayesimamia mitambo ya sauti kanisani kwa akina Zachariah.

"Shem, karibu," Kibe akaniambia, kama vile nimeenda kwake.

"Hivi ni vitu gani?"

"Spika za kanisa za zamani. Zilikuwa stoo tangu tuletewe mpya. Cheki hiyo karatasi ya katikati, ni nyepesi kama ganda la kitunguu. Ukipumua tu, inaimba."

"Na za Baba?"

Zachariah akatazama soksi zake.

"Aki shem, za mzee ni kali kuliko hizi," Kibe akasema. "Lakini zinakula. Hii kitu ya Zaka inatoa wati tatu peke yake. Ya kanisa inatosheka na mbili. Zile za mzee zinataka arobaini ndio ziamke. Ni kama umefunga punda avute trela, halafu unamchapa."

Nikamgeukia mume wangu. "Ulijua?"

"Tangu siku zilipoingia."

"Na ukasema ni nzuri."

"Ni nzuri. Haziendani tu na yangu." Kisha akasema polepole, "Ulikuwa unafurahi sana, Nthenya. Ukaniegemea ukasema unapenda ninavyopunguza sauti. Ningekuambia nini? Kwamba sipunguzi, ndio mwisho wake?"

Kibe akacheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikwenda jikoni, nikapika chai ya mtu mmoja.

Niliumia, dada. Si kwa sababu ya muziki. Niliona pazia langu juu ya zawadi ya Baba, nikasikia sauti yake akiuliza kama kijana wa mjini atajua kupokea. Zachariah anataka tumwambie ukweli, tuzirudishe dukani Luthuli tubadilishiwe. Kumwambia mzee aliyetoka Machakos kuja kuzinunua kwamba hazifai? Nikakataa katakata.

Na ndipo akili ya fundi pazia ikafanya kazi. Za kanisa tutaziweka juu ya rafu ya dirisha. Mbele yake nitashusha pazia. Mahameli tumeyajaribu, yanameza sauti yote, lakini nina kile kitambaa chepesi cha mianya ambacho wenye nyumba za Kilimani hawachoki kukiagiza. Muziki unapita kama hakuna kitu. Na mbele ya pazia zitasimama spika za Baba, nimezipangusa, zinang'aa. Yeye ataona zake, atasikia muziki, moyo wake utatulia. Zachariah amekubali kwa shingo upande. Anasema hapendi kuiweka spika mahali isipoimba. Nimembusu hadi akanyamaza.

Baba anakuja Jumamosi hii. Na nitamketisha karibu nazo kabisa kama ulivyosema, unaona ninavyokutii?

Wako,
Nthenya

*

Nyumba ya Malezi, Karen,
Ijumaa, 7 Machi 2025

Nthenya,

Barua yako ilifika majivu yakiwa tayari yamepakwa, nayo ikawekwa na nyingine za Pasaka. Leo mlezi wetu ameniona uso, akanionea huruma, akanipa. Nilipoisoma nilirudi kwake nikiomba simu.

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana, Sista."

"Kuna msiba?"

"Hapana. Ni spika."

"Spika zitangoja," akasema. Lakini ameniruhusu kuandika, na dereva wa nyumba ataipeleka posta akienda. Sijui ataenda lini. Najua Baba anakuja kesho. Naandika kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

Nilimwahidi Baba nisiseme. Nasema.

Baba hasikii vizuri tena. Imekuwa ikimjia kidogo kidogo. Ndiyo maana simu anampa Mama. Siku ile dukani yule muuzaji alitufungulia spika nyingi, ndogo ndogo za bei kubwa, na Baba alikuwa anatikisa kichwa tu. Kisha akaweka kiganja chake juu ya zile nyeusi. Uso ukambadilika, Nthenya. Akafumba macho. "Hizi zinanifikia," akasema. Alikuwa anasikia wimbo kwa mkono. Hakukununulia ukubwa wala bei. Alichagua kitu ambacho akija kwako ataweza kuketi nanyi na kusikia mnachosikia, bila kukuambia kwamba masikio yamemwacha. "Ndio kwanza ameolewa," aliniambia. "Asianze ndoa kwa kunihurumia."

Kwa hiyo usizinyamazishe. Tafuteni mtambo mkubwa popote, hata wa kukopa. Zile nyeusi ziimbe zenyewe. Au mwambieni ukweli kabla hajaketi. Lakini asiweke mkono juu ya sanduku lililokufa.

Mungu aiharakishe barua hii.

Mukai

*

Dagoretti Corner,
Jumatano, 12 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naandika Kiswahili, si lugha yetu ya nyumbani, ili Zachariah naye asome kila neno, kwa maana amesema barua hii isitoke bila yeye kuiona. Na naandika badala ya kupiga simu kwa sababu sasa najua kuhusu simu. Usimkasirikie Mukai. Alilitunza neno lako mpaka barua yangu ilipomlazimisha, na barua yake ilinifikia jana, wewe umekwisha kurudi Machakos.

Nataka nikueleze nilichokiona Jumamosi, maana nilikiona nisikielewe.

Tulikuandalia kiti kizuri. Ukakikataa, ukavuta stuli hadi kando ya spika, ukaweka kiganja juu yake. Mimi nikadhani unakagua vumbi! Nikafurahi kwamba nimepangusa. Zachariah akaweka santuri ya kwaya, nyumba ikajaa. Ukangoja. Ukahamisha mkono ubavuni, kisha mbele, kwenye kitambaa. Ukaweka wa pili. Halafu ukaitoa yote miwili, ukaifungia katikati ya magoti. "Inasikika vizuri sana," ulisema, na kwaya ilikuwa haijafika hata kwenye kiitikio. Muthokoi niliokupikia hukuongeza. Ukamshika Zachariah mkono ukamwambia asante kwa kuzitunza, ukasema uwahi gari.

Ulipoondoka nilirukaruka jikoni. "Tumefaulu!" nikamwambia. Zachariah hakuruka. Alikuwa amesimama pale pale. "Mzee hakuitazama spika," akasema. "Aliutazama mkono wake."

Baba, ule muziki haukutoka kwenye spika zako. Ulitoka nyuma ya pazia, kwenye spika za zamani za kanisa. Amplifaya ya Zachariah ni ndogo, zako zinataka yenye nguvu, na mimi niliogopa utafikiri tumeidharau zawadi yako. Yeye alitaka kukuambia. Mimi nilikataa. Pazia nililishona mimi.

Mkono wako ni mzima. Sanduku ndilo tulilolinyamazisha.

Jana ile ile, nilipomsomea barua ya Mukai, Zachariah alivaa viatu, akaenda kwa Kibe, akarudi amekumbatia mtambo wa transista wa kanisa, mzito kama mfuko wa saruji. Akauunganisha na zako. Nami nikaketi kwenye stuli ile, nikaweka kiganja pale ulipoweka chako. Mbao zilipumua, Baba. Besi iliniingia hadi kwenye kiwiko. Glasi zikalia kabatini, na Millicent, jirani wa chini, akapanda kuuliza kama tunahama. Nilifumba macho nikaelewa ulichotaka kunipa, nikalia kama mtoto, na mume wangu akanishika bega, na hata katika kulia huko, nisamehe, nilifikiri jinsi ninavyompenda.

Sijui kama Jumamosi ulikwenda nyumbani ukidhani hata mkono umekuacha. Hilo ndilo lisiloniacha. Nijibu hata kwa neno moja.

Binti yako,
Nthenya

Mzee,
Mimi ni Zachariah. Siku ya kwanza nilisema spika ni nzuri na sikusema hazipatani na chombo changu. Nilidhani ni heshima. Amplifaya yangu ya wati tatu sasa inaendesha spika nyepesi za kanisa, kazi inayoiweza. Zako nazitafutia mtambo wake wa kudumu. Wa Kibe utakaa hapa mpaka nipate. Naomba radhi kwako na kwa Mama.
Z. Kiarie

*

Machakos,
Jumatatu, 17 Machi 2025

Kwa Bi. Nthenya Kiarie,

YAH: BARUA YAKO YA TAREHE 12 MACHI

Nimeipokea na yaliyomo nimeyasoma mara mbili, miwani ikiwa safi.

Kwanza, kuhusu mkono. Toka kwenu hadi Jumapili asubuhi nilikuwa mtu mwingine. Hilo sitalisema tena. Jumapili kanisani nilikwenda mbele kabla ya ibada, nikaweka kiganja kwenye ngoma ya kwaya. Zedekiah mpigaji alidhani naibariki, akainamisha kichwa. Nikamwambia, "Piga, bwana." Akapiga. Ilinifika hadi begani. Basi nikarudi nyumbani nimepona na nimekasirika, nikiwa nimehitimisha kwamba Luthuli Avenue waliniuzia mbao tupu. Jumatatu nilivaa suti niende nikamwambie yule muuzaji yanayomfaa. Mama yako alinificha viatu. Niliwatafuta siku tatu, viatu na adui aliyevificha, hadi barua yako ikafika. Mshukuruni mama yenu. Amemwokoa mtu asiye na hatia.

Pili, kuhusu masikio. Ni kweli. Kwenye kikao cha wazee wa kanisa naitikia kwa kichwa, na nadhani nimekwisha kukubali kuchangia paa jipya. Kwenye simu ulipokuwa ukinipigia baada ya arusi nilikuwa nasema "ndiyo, ndiyo, vizuri," kwa sababu sauti yako ilikuwa ya furaha ingawa maneno sikuyashika. Kwa hiyo mkwe wangu asijione yeye ndiye wa kwanza katika familia hii kusema "ni nzuri" ili Nthenya asiache kufurahi. Ameingia mahali pake. Mwambie kwamba nilipomshika mkono kwenye mlango nilikuwa namshukuru kwa uongo, na sasa namshukuru kwa kweli. Mtu aliyebeba mfuko wa saruji ngazi zote hizo kwa ajili ya kiganja cha mzee, huyo anajua kupokea zawadi.

Mukai nitamwandikia Pasaka. Amevunja ahadi, na amefanya vema, na yote mawili nitamwambia.

Sasa, spika zangu zisirudishwe dukani wala zisifunikwe. Na hizo nyepesi za kanisa nazo nataka kuzijua, maana nilisikia kitu siku ile, chembamba, kama mtu anaimba nyumba ya pili, nacho kilikuwa kizuri. Sikutaka kuuliza kinatoka wapi, kwa sababu nilidhani ni mimi.

Nitakuja na mama yenu kabla ya mwezi huu kwisha. Muthokoi uwe mwingi. Mtanichezea zangu, kisha mtanichezea za Zachariah, na nisiposikia, nitasema.

Baba yako,
J. Muasya